Siku Niliyousahau Mguu wa Baba pale Kiboko

Baba yangu ana mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa kutengenezewa. Ule wa kushoto ulikatwa miaka sita iliyopita kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Alipopewa huu wa kuvaa, alijifunza kuutumia upesi kuliko daktari alivyotarajia, kwa sababu Pasaka ilikuwa inakaribia na yeye huimba besi katika kwaya ya kanisa letu pale Kabati, Kitui. Watu wa besi husimama safu ya nyuma, na kwaya yetu haina viti.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mguu ulianza kumsumbua. Ulikuwa na ufa karibu na kifundo, na kila alipokanyaga ulitoa mlio kama mlango wa choo cha shule. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mwalimu na mlio huo naujua. Fundi aliyeutengeneza alikuwa na karakana Kitui mjini, lakini mkewe alipata kazi Makueni naye akamfuata, akafungua karakana nyingine katika mji wa Wote. Kitui wapo mafundi wengine. Baba hakutaka kusikia habari zao.

"Huyo ndiye anaujua mguu wangu," alisema.

"Basi twende wote, nau," nikamwambia. Nau ni baba kwa Kikamba. Yeye huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake.

"Mgonjwa ni mguu, mwaitu. Mimi sina shida. Nitafanya nini Wote?"

Ndivyo ilivyoamuliwa kwamba nitaupeleka mguu likizo ya Agosti, na yeye abaki nyumbani na magongo yake mawili. Fundi alikuwa amesema kwa simu kwamba uletwe na kiatu, ili apime kisigino. Baba akauvalisha soksi na kiatu chake cheusi cha Jumapili, akafunga kamba, akakipiga rangi ya viatu. Kiatu cha kulia kilibaki chini ya kitanda. Kisha akautia katika mfuko wa nailoni wa miraba, ile mifuko ya bluu na nyekundu ambayo kila mtu huwa nayo nyumbani, akavuta zipu.

"Usiuweke chini ya mizigo ya watu," alisema.

"Sawa."

"Na usiusahau."

Nilimwambia mtu hawezi kusahau mguu.

Sikuchukua njia ya Machakos. Nilishukia Mutomo hadi Kibwezi, nikashika barabara ya Mombasa hadi Kiboko, kwa sababu baba alitaka pia mbegu za ndengu kutoka huko, zile zinazokomaa mapema kabla mvua haijabadilisha mawazo. Nilifika karibu saa tano, nikanunua mbegu, nikazitia katika mfuko wa pili niliokuwa nimeukunja ndani ya mkoba. Mfuko huo wa pili ulikuwa wa miraba ya bluu na nyekundu. Niliununua siku moja na ule wa kwanza, katika duka moja. Wakati huo sikuona ubaya wowote.

Kando ya barabara kulikuwa na hoteli ndogo yenye mabenchi nje. Nikaketi, nikaweka mifuko yote miwili chini ya meza, nikaagiza chai na chapati. Benchi hilo lilikuwa limeachwa dakika chache tu kabla yangu na wanaume watatu wa lori la mbuzi. Lori lenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele, tupu, wanarudi kwao upande wa Garissa baada ya kuuza mifugo. Nilikuwa sijamaliza chapati gari la Wote lilipopiga honi. Nikalipa, nikashika mkoba kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono mwingine, nikakimbia.

Mtu ana mikono miwili tu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile.

Nilifika kwa fundi saa saba na nusu. Ni mtu mpole, mnene kidogo, anayevaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alinikaribisha, akauliza habari ya mzee, akasafisha meza yake kwa kitambaa, akatandaza gazeti. Nikaweka mfuko juu ya gazeti, nikavuta zipu.

Tukaziangalia ndengu pamoja kwa muda.

"Ni nzuri," fundi akasema mwishowe. "Hizi ni za Kiboko?"

Nikamwambia ni za Kiboko. Kisha nikamwambia na mguu pia uko Kiboko. Akavua ile miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akanitazama vizuri. Alisema karakana iko wazi mpaka saa kumi na moja, nisikimbie sana.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia baba. Nilitunga ya Kikamba na ya Kiswahili, na katika lugha zote mbili yalikuwa mabaya. Sikumpigia simu.

Pale hotelini nilimkuta mhudumu yuleyule aliyenipa chai, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Alinikumbuka. Chini ya meza hapakuwa na kitu.

"Hiyo mfuko nilipatia wenyewe," alisema, na alionekana kufurahi kweli. "Hawa watu wa mbuzi walikuwa wamesahau. Lori ilikuwa imeshaanza kutoka. Nilikimbia nayo mpaka pale kwa daraja, nikawarushia kwa dirisha."

"Ulikuwa wangu," nikasema.

Furaha yake iliondoka polepole. Akauliza kulikuwa na nini ndani. Nilipomwambia, akaketi. Aliniambia ana shida ya magoti, kwamba hajakimbia hivyo tangu amalize shule, na alikimbia kwa sababu mwaka uliopita yeye mwenyewe aliacha mzigo kwenye basi na hakuna mtu aliyemkimbilia. Nilimshukuru. Niliona ni haki kumshukuru, maana alikuwa amefanya kila kitu sawasawa isipokuwa mtu wa kumpa.

Tulikwenda pamoja kuandikisha habari kwa polisi. Afisa aliyekuwa kwenye meza alikuwa mtu makini, mwenye mwandiko mzuri.

"Umepotelewa na nini, mama?"

"Mguu."

Akanitazama chini kwa adabu, akarudisha macho juu.

"Wa nani?"

"Wa baba yangu."

"Yeye yuko wapi?"

"Nyumbani. Kabati, kule Kitui."

"Anajua?"

"Bado."

Akaandika. Aliuliza ni wa kulia au wa kushoto, nikamwambia wa kushoto. Aliuliza una alama gani ya kuutambulisha. Mhudumu akanitazama kana kwamba naye angependa kujua. Nikasema umevaa soksi ya kijivu na kiatu cheusi saizi ya tisa, na una ufa. Aliuliza kama kiatu nacho kihesabiwe kuwa kimepotea, au nusu ya viatu. Tulikubaliana kiandikwe pamoja na mguu, kama kitu kimoja.

Alikuwa akiuliza namba ya usajili ya lori, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo, simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka.

"Nazungumza na mwalimu wa Kabati?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, pole kwa kukusumbua. Wewe hunijui. Mimi ndiye niko na namba yako."

Sikuelewa. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyewahi kueleza jambo hilo kwa watu wengi. Ni kweli, miaka minne iliyopita simu yangu ilitumbukia kisimani nikichota maji. Nilipokwenda kuirudisha laini, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, nikaona ni rahisi kununua laini mpya. Baada ya muda ile ya zamani iliuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo ni yeye, fundi wa nguo mjini Wote. Tangu siku ile watu wangu walikuwa wakimpigia yeye.

"Leo saa nane amenipigia mwanamume mmoja," alisema. "Ameniuliza kama nina baba mwenye mguu mmoja. Nikamwambia baba yangu ana miguu miwili. Lakini nikamwambia asikate, najua ni mtu wa nani."

Mfanyabiashara wa mbuzi alikuwa amesimama Mutomo kuswali adhuhuri. Alipofungua mfuko kutafuta mkeka wake wa kuswalia, alikutana na kiatu kilichong'arishwa, na alipokivuta kikaja na mguu. Alipotulia, aliukagua wote. Ndani, palipotiwa soksi za kukingia kigutu, alikuta kadi ya kliniki ya baba. Kadi hiyo ilijazwa mguu ulipokuwa mpya, na namba ya mtu wa karibu wa mgonjwa ilikuwa yangu ya zamani.

Fundi wa nguo hakuwa na namba yangu mpya. Alichokuwa nacho ni daftari. Kila mtu aliyenitafuta kwake alimwandika, na namba yake, na alichotaka. Basi siku ile aliacha cherehani, akafungua daftari, akaanza kuwapigia mmoja baada ya mwingine akiuliza nani anajua nilipo. Wa kwanza alikuwa amehama. Wa pili alimkatia simu. Wa tatu alisema mimi nilishakufa, jambo ambalo hakuliamini kwa sababu bado napigiwa sana. Wa nne hakupokea. Wa tano alikuwa mlinzi wa zamani wa shule yetu, na huyo alikuwa na namba yangu.

"Yule mtu wa mguu amefika Kitui mjini," akasema. "Lori yake inapitia Kabati. Anauliza aulete wapi."

Nilimweleza nyumba ilipo: kutoka sokoni, ukipita kanisa, lango la mabati lenye rangi ya samawati. Alirudia kila neno na nikasikia kalamu ikiandika. Nilipokata simu afisa alikuwa ameshika kalamu yake hewani.

"Umepatikana?"

"Umepatikana."

Akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya yale aliyoandika, akaweka sahihi pembeni. Mhudumu wa hoteli alitoa kitambaa chake kichwani akajifuta uso nacho, kisha akakirudisha. Alisema hatakimbiza tena mfuko bila kuufungua kwanza.

Hapo ndipo nilipompigia baba.

"Nau, mguu unakuja nyumbani."

"Umepona?"

"Hapana."

"Mbona unarudi?"

"Unaletwa na mtu wa lori."

"Wewe uko wapi?"

"Kiboko."

"Na mguu uko wapi?"

"Kitui."

"Basi mmeachana," alisema, akakata simu ili ajitayarishe kwa mgeni.

Nililala Makindu kwa shemeji yangu, nikafika nyumbani kesho yake saa sita. Baba alikuwa akitembea uani kwa mguu wake, bila magongo. Mlio ule haukuwepo. Mengine yote nimeyapata kutoka kwake na kutoka kwa majirani, ambao kwa mara ya kwanza walikubaliana juu ya kila kitu.

Lori lilisimama barabarani na mtu mmoja mrefu, mwenye kikoi na kofia nyeupe, akashuka. Mfuko aliuacha garini. Alimwambia baba baadaye kwamba hakuona vizuri kumletea mwanamume mguu wake katika mfuko, kama mboga. Aliubeba mikononi mbele ya kifua, kiatu kikitangulia, akapita nao sokoni akiuliza lango la samawati. Alipofika langoni alikuwa na watu kama ishirini nyuma yake, na wa mbele walikuwa washirika wa kwaya.

"Mzee, huu ni wako?" aliuliza.

"Ni wangu," baba akasema.

"Samahani. Nilifungua kabla ya kujua."

"Umeulinda. Karibu ndani."

Mgeni alisema hawezi kukaa, dereva anamngoja. Lakini alikuwa ameuona ule ufa, na barabara nzima kutoka Mutomo alikuwa akiufikiria. Akatoa mfukoni ukanda wa mpira wa tyubu, ule wanaofungia maturubai kwenye lori, akachuchumaa uani, akakizungushia kifundo mara nane akiuvuta kwa meno. Akamvalisha baba mguu mwenyewe. Baba aliniambia kwamba mikono ya mtu yule ilikuwa imezoea, na alipomuuliza, alijibu kwamba mamake alivunjika nyonga akiwa mzee na yeye ndiye aliyekuwa akimvalisha viatu hadi alipofariki.

Baba akasimama, akatembea hadi kwenye tangi la maji, akarudi. Halafu akasema waombe. Maombi ya baba ni marefu hata siku ya kawaida. Siku ile aliushukuru mkono wa Mungu kwa jina la Yesu, akaitaja barabara yote kutoka Kiboko, mji kwa mji, na kwa kuwa hakujua mguu ulipita wapi aliitaja na miji ambayo haukuipitia. Dereva alipiga honi mara nne. Mgeni alisimama kichwa kimeinama hadi mwisho, akasema amina, akasalimiana na baba kwa mikono miwili, akaenda. Alikataa kuku. Alikubali papai moja, kwa sababu lilikuwa limeiva na lingeharibika.

Kwa wiki tatu baba alishikilia kwamba mguu umepona na hakuna haja ya Wote. Kilichombadilisha ni fundi wa nguo. Nilikuwa nimemwambia nitakwenda kumshukuru, na baba akasema si adabu mtu apatiwe mguu wake halafu atume mwanawe. Kwa hiyo tulikwenda wote wawili kwa njia ya Machakos, yeye ameuvaa.

Karakana ilikuwa ya kwanza. Fundi aliuweka mguu juu ya meza, akauzungusha, akaangalia ule mpira.

"Nani alifunga hii?"

"Mtu wa mbuzi," baba akasema.

"Amefunga vizuri," fundi akasema, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kukiri. Alitia wayo mpya. Ilimchukua saa mbili.

Fundi wa nguo alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Nilitarajia mtu mzima kwa sababu ya ile sauti, nikamkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni. Alimwamkia baba kwanza, akaangalia miguu yake yote miwili bila kuficha, akaridhika. Kisha akanigeukia.

"Kumbe uko hivi," alisema. "Nilifikiri wewe ni mnene."

Nilikuwa nimemletea maembe na leso mbili. Alizipokea, akanipa kiti, akatoa daftari. Mbele lilikuwa na vipimo vya wateja wake, viuno na mabega. Nyuma, ukiligeuza juu chini, nilikuwa mimi. Miaka minne, kurasa sita.

"Kwa nini uliandika?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Mtu akipiga mara ya kwanza, amekosea namba. Akipiga mara ya pili, ana neno. Sasa nitalipeleka wapi? Nikaona nilihifadhi."

Kulikuwa na daktari wa ng'ombe aliyetaka kujua kama ndama alizaliwa. Alizaliwa, na sasa naye ana mimba. Kulikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyepiga kusema amefaulu, na karibu na jina lake fundi ameandika, *nikampa hongera*. Kulikuwa na mialiko ya harusi mbili.

"Hii moja ilikuwa hapa Wote," alisema. "Yule mama alisisitiza sana, hakutaka kuelewa kwamba mimi si wewe. Nikaenda. Nilisema nimekuwakilisha."

"Ilikuwaje?"

"Nzuri. Chakula kilichelewa."

Kisha akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Ilikuwa namba niliyoijua kwa kichwa. Mwenye namba alikuwa mwalimu mwenzangu katika shule yangu ya kwanza, rafiki ambaye tuliishi nyumba moja kwa miaka mitano, na tulikosana kwa neno nililomwambia mbele ya wazazi wa wanafunzi. Nilimwambia ni mvivu. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilingoja yeye aanze, na alipokaa kimya nilihesabu ukimya huo kuwa kosa lake la pili. Kumbe alikuwa amepiga. Alipiga mara tatu katika mwaka mmoja. Fundi alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: *Anasema yaliyopita yamepita. Anauliza mama yake mwalimu anaendeleaje.* Na chini yake: *Amelia kidogo. Hakuniamini kwamba si wewe.*

Mama yangu alifariki mwaka ule. Nilikuwa nimemlaumu rafiki yangu kwa kutokuja mazishini.

Nilikaa na lile daftari magotini. Baba alikuwa akimweleza fundi habari za besi, na fundi akauliza maswali ya maana, nadhani ili nipate nafasi. Baadaye aliuchana ukurasa ule taratibu kwa kutumia rula, asije akaharibu vipimo vya mtu upande wa pili, akanipa.

Nilipiga simu nikiwa nje ya kibanda, kando ya marobota ya mitumba. Ilipokelewa upesi.

"Ni mimi," nikasema, nikataja jina langu.

Nilisikia kuku upande wake, na mtu anakata kuni.

"Mama hajambo?" akauliza.

Nikamwambia. Akasema pole, kwa sauti ile ile ya zamani, na akaniuliza tulimzika wapi, na nani aliongoza ibada, na kama ilinyesha. Nikamjibu yote. Halafu nikamwambia lile neno la siku ile halikuwa kweli, kwamba nilikuwa nimechoka nami ndiye sikuwa nimesahihisha vitabu vyangu. Akasema vitabu vyangu alivijua, alikuwa akiviona mezani.

Tulizungumza mpaka baba akatoka kibandani kunitafuta. Yeye rafiki yangu anakaa Mwingi siku hizi, anafuga nyuki. Alisema nikija nije na chombo cha asali chenye mfuniko unaofunga.